Ukuta mpya ndani ya nyumba ya zamani: jinsi tulivyoigawa nyumba ya babu hapa Baraka



Mara nyingi hapa naandika juu ya barabara, bei ya ndagala, kipindupindu na risasi. Leo naandika juu ya ukuta. Nazungumzia ukuta wa ndani, ule unaosimamishwa katikati ya chumba cha zamani ili familia mbili zikae chini ya bati moja na kila moja ibaki na heshima yake. Tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, na watu wakaendelea kushuka kuelekea kusini, swali hili naulizwa njiani kuliko maswali ya siasa. Mtu ananishika mkono sokoni: "Mwandishi, ndugu zangu wamefika. Nyumba ni ile ile ya mzee. Nitaigawa namna gani bila kuiangusha?"

Kwetu pia wamefika. Mama yangu mdogo alikuja na watoto watano na mama mkwe wake, mzee ambaye haoni vizuri. Walitoka upande wa Uvira na mabunda mawili, sufuria moja na redio. Nyumba yetu ilikuwa tayari na watu sita. Wiki tatu za kwanza sebule ilikuwa chumba cha wote: wanafunzi, wagonjwa, wageni, na mzee aliyehitaji kuvaa nguo mbele ya wajukuu. Kila mmoja alivumilia, lakini uvumilivu bila pazia una mwisho wake. Siku ambayo binti mkubwa wa mama mdogo alianza kwenda kuoga saa kumi ya usiku ili asionekane, tukajua lazima tujenge.

Nyumba yenyewe niwaelezee, maana wengi mna nyumba kama hiyo. Babu aliijenga kabla ya vita ya 1996. Ni ya matofali ya kuchoma, chini ni sima, sebule ni ndefu na vyumba ni viwili. Mwaka 1996 tulivuka ziwa tukaenda Kigoma, na mimi nimekulia kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka mwaka 2005. Sisi tulipopata zamu yetu, tulikuta kuta za babu zimesimama peke yake. Mabati yalikuwa yameondoka, milango imeondoka, hata fremu za madirisha. Baba akarudisha paa kidogo kidogo. Halafu mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia hadi sebuleni, yakakaa, yakarudi. Yaliacha alama kwenye ukuta, mstari wa rangi ya chai unaofika kwenye goti.

Fundi tuliyemwita ni mzee ambaye ufundi wa mbao alijifunzia kambini. Alipofika hakutoa futi. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya ukuta wa zamani, chini ya ule mstari, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akakwaruza kwa ukucha, poda nyeupe ikaanguka. "Hii ni chumvi," akasema. "Maji yanapanda ndani ya tofali, yanafika nje, yanakauka, yanaacha chumvi. Ukuta huu bado unatoka jasho. Ukiufunika kwa mbao leo, mwaka kesho utakuwa na mbao iliyooza."

Hilo ndilo somo la kwanza, na linawahusu wengi, kwa sababu ziwa lilipanda 2021 na likapanda tena 2024, na nyumba nyingi za karibu na maji zilikunywa. Wanaotoka Bukavu wanaijua hali hii kwa namna nyingine: zile nyumba za zamani za mlimani zenye kave, vyumba vya chini ambavyo upande mmoja wa ukuta umeegemea udongo wa mteremko. Ukuta unaogusana na udongo unakunywa maji. Kabla ya kuweka kitu mbele yake, uache ukauke. Fungua madirisha, ondoa magunia yaliyoegemea, angalia nje kama maji ya paa yanamwagika kwenye msingi. Sisi tulichimba mfereji mdogo nyuma ya nyumba ili maji ya mvua yaende upande wa barabara. Kazi hiyo ya nusu siku tuliifanya kwa jembe, bila kununua kitu.

Somo la pili: ukuta mpya usimame kwa miguu yake. Watu wengi wanafikiri njia rahisi ni kupigilia mbao moja kwa moja kwenye tofali la zamani. Fundi alikataa. Aliacha nafasi ya vidole viwili kati ya nguzo ya mwisho na ukuta wa babu, hewa ipite na unyevu usihamie kwenye mbao. Tena ukuta wa zamani una historia yake: umelowa, umekauka, umetikiswa na mabomu, na tofali la chini linaweza kuwa laini kama mkate. Ukilitoboa kwa misumari mikubwa unaliongezea ugonjwa. Kwetu ukuta mpya umeshikwa na sakafu chini na boriti za paa juu. Upande wa tofali umeshikwa sehemu mbili tu, juu kabisa, mahali ambapo maji hayajawahi kufika.

Somo la tatu ni mbao ya chini, ile inayolala sakafuni na kubeba nguzo zote. Huyo ndiye anayekufa wa kwanza. Sima ya sakafu inaonekana kavu, lakini unyevu unapanda kimyakimya. Fundi alichukua kipande cha shitingi iliyochakaa, akaikunja mara mbili, akaitandika chini ya mbao yote. Halafu akapaka mbao hiyo mafuta machafu ya injini yaliyotoka kwa watu wa pikipiki, kwa ajili ya mchwa. Kwa nyumba ambayo sakafu yake ni udongo mtupu, alisema, panga kwanza mstari wa mawe au matofali ya kuchoma, kisha mbao ikae juu yake. Nguzo iliyochimbiwa ardhini moja kwa moja, hapa kwetu, mchwa wanaimaliza kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi.

Somo la nne ni kupima. Chumba cha zamani hakiko mraba, hata kama babu alikuwa fundi mzuri. Ukipima urefu wa dari sehemu moja na kukata nguzo zote kwa kipimo hicho, utalia. Tulipima sehemu tano, na kila sehemu ilitoa namba yake. Ili kupata pembe nyoofu, fundi alitumia kamba. Kutoka kona alipima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na akasogeza kamba mpaka kati ya alama hizo mbili ikawa mita 5 kamili. Hapo kona imenyooka, hauhitaji chombo cha bei. Kwa wima alitumia timazi, jiwe dogo kwenye uzi. Nguzo zetu ni sheveroni, zile mbao za mraba tunazotumia kwenye paa, na zimeachana sentimeta 60. Kwenye mlango aliweka nguzo mbili mbili kila upande na mbao nzito juu, kwa sababu mlango unapigwa kila siku na watoto, na ukuta dhaifu unaanza kulegea hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo si la fundi.

Siku mbao zilipoletwa, mama mdogo alizitazama, akaingia jikoni, hakutoka. Nilimfuata nikidhani anaumwa. Alikuwa anachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Mtoto wa dada, ninyi mnanijengea. Mtu anayejengewa si mtu anayerudi."

Sikuwa na jibu. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kule Nyarugusu, baba yangu alikataa kwa miaka mingi kufyatua matofali. Jirani zetu walijenga nyumba za matofali mabichi, wakapaka udongo mweupe, wakapanda maua mbele. Sisi tulikaa kwenye nyumba ya miti na shitingi, kwa sababu kila mwaka baba alisema: "Tunarudi baada ya mvua hii." Mvua ikapita, na nyingine. Shitingi ilichanika, ikashonwa, ikachanika. Dada yangu aliugua kifua kila msimu wa mvua. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba siku ataweka tofali la kwanza, Baraka itakufa moyoni mwake. Alipokubali mwishowe kujenga, alifanya usiku usiku, kama mwizi, na alipomaliza hakuingia kwa siku mbili.

Kwa hiyo niliposikia maneno ya mama mdogo, sikumwambia "usijali". Nilimwambia habari ya baba. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na dada yako, kifua kilipona lini?" Nikamwambia ukweli: kilipona mwaka tuliohamia kwenye matofali.

Alinyamaza. Baadaye alitoka mwenyewe kwenda kwa fundi, akamsalimu, akamuuliza: "Mzee, huu ukuta, siku nikienda kwangu, naweza kwenda nao?"

Fundi alicheka, lakini hakumcheka yeye. Akasema inawezekana, ila ubadilishe namna ya kujenga. Badala ya kusimamisha nguzo moja moja na kuzipigilia mahali pake, unatengeneza ukuta ukiwa umelala sakafuni, kama kitanda. Mbao ya chini, mbao ya juu, nguzo katikati, yote yamefungwa pamoja. Ukimaliza, watu wanne wanauinua. Sebule yetu ina upana wa mita 4, basi akagawa ukuta kuwa vipande vitatu, na katikati ni kile chenye mlango. Vipande vinashikana kwa bolti. Ukifungua bolti, una vipande vitatu vinavyoingia kwenye lori au kwenye boti.

Hapo kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Ukuta unaotengenezwa umelala lazima uwe mfupi kidogo kuliko nafasi yake. Ukiukata sawasawa na urefu wa boriti, hautasimama: kona yake ya juu itagusa boriti kabla ya ukuta kufika wima. Fundi alikata pungufu ya vidole viwili. Uliposimama, akajaza nafasi ya juu kwa kabari za mbao, akizigonga mbili mbili kutoka pande zote hadi zikakaza. Kabari zina faida nyingine. Paa letu linashuka kidogo wakati wa upepo mkubwa kutoka ziwani, na ukuta wa ndani haukujengwa ili kubeba paa. Kabari ikilegea, unaigonga tena. Ikibana sana, unaipunguza. Kuta za nje zibebe paa, huu wa ndani kazi yake ni kugawa tu.

Kwa kujaza nguzo tulikuwa na njia tatu. Kukandika kwa udongo na fito kunapoza chumba na kunazuia sauti, ila ni kuzito na hakuhamishiki. Mabati yanafika haraka, lakini mchana chumba kinakuwa tanuru. Tripleksi ni nyembamba, kila neno la usiku linapita, na ikilowa inavimba. Mama mdogo alichagua plansha nyembamba kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu, na juu yake mkeka wa matete. Matete yanapitisha hewa na mwanga. Hilo ni muhimu, kwa sababu tulipokata sebule vipande viwili, upande mmoja ulipoteza dirisha.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Ndugu zangu, chumba bila dirisha ni chumba cha kuweka magunia, si cha kulaza watu. Fundi alitoboa tundu kwenye ukuta wa nje, dogo la kuweza kupitisha mtu mzima, akaweka fremu na mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani. Kama moto unatokea sebuleni, au watu wabaya wanaingia kwa mlango mkubwa, anayelala nyuma awe na njia. Na mbabula isiingie kwenye chumba hicho kabisa, hata usiku wa baridi, hata kwa dakika za kuchemsha maji ya mzee. Moshi wa makaa unaoua hauna harufu kali. Unakulaza na hauamki. Kadiri tunavyogawa vyumba, ndivyo vinavyokuwa vidogo, na ndivyo hatari hiyo inavyokua.

Jambo jingine: ukigawa nyumba, umegawa pia choo na maji. Ukuta hauongezi choo. Sisi tunajua kwamba hapa Baraka na Fizi kipindupindu hakituagi kwa muda mrefu. Nyumba iliyokuwa na watu sita ikipata watu kumi na tatu, anza na choo na ndoo ya kunawia kabla ya kuanza na sheveroni. Sisi tulichimba shimo jipya kwanza, ukuta ukafuata.

Hayo ni ya nyumba ya familia. Lakini wengi wenu mnaonisoma mmepanga. Hapa nimeona machozi. Familia moja ya wadeplase katika kata yetu ilipanga nyumba iliyokuwa magofu. Wakanunua mbao, wakasimamisha kuta mbili za ndani, wakaziba paa. Miezi mitano baadaye mwenye nyumba akaja akaona nyumba imependeza, akapandisha bei. Walipokataa, akawatoa. Mbao zilibaki ndani. Walipozidai, akauliza: "Karatasi iko wapi?" Haikuwepo.

Katika nchi yetu kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa. Inataka mkataba wa maandishi, na garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Wengi hawaijui, na wengine wanaijua na wananyamaza. Kabla hujapiga msumari wa kwanza kwenye nyumba ya mtu, andikeni karatasi moja. Muandike ni ukuta gani unajengwa, nani ananunua mbao, kama gharama itakatwa kwenye kodi ya nyumba na kwa miezi mingapi, na siku ya kuondoka nani anabaki na mbao. Mwiteni shefu wa avenyu awe shahidi, na jirani wawili. Kila upande ubaki na nakala. Mwenye nyumba mwema hatakasirika. Akikasirika kwa karatasi, umejifunza jambo mapema na mfuko wako bado umejaa.

Hata kati ya ndugu, sisi tuliandika. Watu wengine walisema ni aibu kuandikiana na mama mdogo. Yeye ndiye aliyetaka. Karatasi yetu ina mistari minne, na mstari wa mwisho unasema: siku ya kurudi, vipande vitatu vya ukuta ni mali yake, atavibeba. Baba aliweka sahihi chini. Niliona mkono wake ukichelewa kidogo juu ya ule mstari.

Kazi ilichukua siku sita. Siku ya kuinua, vijana wa jirani walikuja bila kuitwa, kama watu wanavyokuja kusukuma boti. Mzee asiyeona vizuri alipelekwa kuushika ukuta. Aliupapasa kutoka nguzo hadi nguzo, akafika kwenye mlango, akauliza kama unafungwa kwa ndani. Akaambiwa ndiyo. Akaingia, akafunga. Tukasikia komeo. Alikaa humo karibu saa nzima peke yake, na hakuna aliyemgongea, kwa sababu sote tulielewa kwamba tangu atoke kwake hakuwa amepata mahali pa kuwa peke yake.

Ninyi mnaopokea ndugu, sina cha kuwafundisha juu ya moyo. Moyo mnao, nimeuona katika kila avenyu. Ninachowaomba ni hiki: pima kabla ya kukata, uache ukuta wa zamani ukauke, mbao ya chini isiguse unyevu, chumba cha kulala kiwe na njia ya hewa na njia ya kutokea, na karatasi iandikwe. Na ninyi mliofika, msiogope kujengewa. Huyu mama yangu mdogo anaulizia habari za njia kila asubuhi, kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa watoto wake wanaamka wamelala. Funguo ya bolti ameitundika yeye mwenyewe kwenye msumari, nyuma ya mlango, na amekataza mtu yeyote kuiazima.